Ba wa Ghorofa ya Nne

Katika miaka kumi na mmoja ambayo nimefundisha wageni Kiingereza hapa Westlands, nimepata wanafunzi wa kila namna. Kulikuwa na Mkorea mmoja, mhandisi wa barabara, aliyekuwa akiandika kila neno jipya mkononi kwa kalamu na hakubali kulifuta mpaka apate mtu wa kumwambia neno hilo. Siku moja aliingia darasani mkono umejaa wino hadi kwenye kiwiko, akanilalamikia kwamba watu wa Nairobi wana haraka mno. Kulikuwa na mchungaji kutoka Bukavu aliyejisomea Kiingereza kwenye fomu za bima, hata alipoibariki chai yetu alimwomba Mungu atulinde kulingana na masharti ya mkataba. Kulikuwa pia na mtawa wa Kiitaliano aliyekataa katakata kujifunza kuuliza maswali. Alisema maishani mwake ameuliza ya kutosha.

Hao nikiwasimulia watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini yuko mmoja ambaye huwa simsimulii ovyo, kwa sababu habari zake zinaanza kama kichekesho na mimi sipendi mtu amcheke.

Mwanawe ndiye aliyekuja kwanza. Ilikuwa Januari, wiki ya pili baada ya kufungua. Mwanamume wa Kihindi wa miaka hamsini hivi, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, akihema kwa sababu lifti yetu ilikuwa imeharibika tena na alikuwa amepanda kwa miguu. Alisema anaitwa Navnit na ana duka la vifaa vya umeme Ngara.

"Mwalimu, unaweza kufundisha mtu mzee?"

"Mzee wa miaka mingapi?"

"Sabini na tatu. Ni mama yangu."

Nilimpa kiti akakikataa. Akanieleza akiwa amesimama hivyo hivyo, mkono mmoja umeshika kitasa cha mlango. Aliingia Kenya akiwa kijana, akafanya kazi kwenye duka la mjomba wake, hakurudi tena. Baba yake alipofariki huko Gujarat, miaka minne iliyopita, akamleta mama yake, Tara, aje kuishi naye Kileleshwa. Mke wake alikuwa Leicester, Uingereza, na watoto waliokuwa wakisoma huko. Yeye hutoka nyumbani saa moja asubuhi, hurudi saa mbili usiku. Mama hajui lugha yoyote ila Kigujarati.

"Sasa kichwa yake imeanza kuharibika," alisema, akashusha sauti kana kwamba mama yake yuko nje ya mlango. "Anaongea peke yake. Maneno haina maana. Mimi mtoto yake mwenyewe sielewi. Daktari amempa dawa, analala tu mchana yote. Halafu daktari akasema, mpe kitu ya kufanyisha akili kazi. Nikafikiria Kiingereza. Hata akijua kusema nataka maji, kusema naumwa hapa, si ni sawa?"

Nikamwambia ni sawa kabisa. Tukakubaliana Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi.

Mimi naitwa Philister Omollo. Nyumbani kwetu ni Ugenya. Nilifundisha shule za sekondari huko kabla mume wangu hajafariki, kisha nikaja mjini na binti zangu wawili. Wamekulia hapa. Nikiwasemesha Kijaluo wananijibu kwa Sheng. Mama yangu mzazi alipofariki ndipo nilipogundua kwamba yeye pekee ndiye aliyekuwa amebaki wa kuongea naye lugha yetu kwa simu, na kwamba siku zinaweza kupita, hata wiki, bila mimi kutamka neno moja la kwetu isipokuwa ninapojigonga kidole cha mguu.

Jumanne hiyo nilifika Kileleshwa mapema. Mlinzi wa lango, kijana Mkamba aitwaye Muindi, aliandika jina langu kwenye daftari.

"Wewe ndio daktari mpya?"

"Mimi ni mwalimu. Naenda kwa kina Navnit."

"Wa yule nyanya wa ghorofa ya nne?" Alitikisa kichwa. "Pole, madam. Ni mtu mzuri, lakini akili imehama kidogo. Kila asubuhi akishuka kutembea ananiongelesha vitu hata sijui ni nini. Mimi namwambia tu, sawa nyanya, sawa."

Navnit alikuwa amechelewa kwenda dukani ili anifungulie. Aliniingiza jikoni, akasema na mama yake kwa Kigujarati, akaniambia, "Yeye anaitwa Ba. Ni mama, kwa lugha yetu. Mwite hivyo tu." Kisha akaondoka.

Ba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, amevaa sari nyeupe ya mjane, akichambua dengu kwenye sinia lililokuwa mapajani. Mwembamba, miguu imepasuka visigino kama ya mwanamke yeyote aliyelima. Macho yake yalikuwa mazito kwa dawa. Nikasimama mbele yake, nikatabasamu lile tabasamu langu la siku ya kwanza, nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba habari za asubuhi, jina langu ni Philister.

Alinitazama usoni kwa muda. Akaweka sinia chini.

"Oyawore, nyathina," alisema. "Bedi piny."

Habari za asubuhi, mwanangu. Keti.

Nilikaa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamjibu kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto. Ba akapiga mikono pamoja mara moja. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kama mtoto ameamka salama, kama mvua imenyesha, kama ng'ombe amezaa. Yote kwa Kijaluo, na si Kijaluo cha kwetu Ugenya, bali kile cha wanawake wa Kendu Bay, wenye kuvuta mwisho wa neno kana kwamba hawataki liondoke. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza alilokuwa akitaka kuuliza tangu mwanzo.

"Ere Millicent?"

Millicent yuko wapi?

Sikumjua Millicent. Nilimwambia hivyo, akaachia mkono wangu, akachukua sinia lake.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa, maana Kijaluo cha Ba kilikuwa na mashimo makubwa. Alijua kila kitu kilichomo jikoni. Alijua kuomba, kubembeleza, kukemea mtoto. Lakini hakujua kuhesabu kupita tano, wala hakujua neno la bahari, wala la ndege iliyomleta. Kidogo kidogo nikaunganisha.

Millicent alikuwa msichana wa kazi. Alikaa pale karibu miaka mitatu. Wanawake hao wawili walikuwa wakibaki peke yao ndani ya nyumba hiyo saa kumi na tatu kila siku, mmoja hajui Kiswahili wala Kiingereza, mwingine hajui Kigujarati. Mwanzoni walionyeshana vitu kwa vidole. Kisha Millicent akaanza kuongea. Hakuongea Kiswahili, maana aliona Ba hatakielewa hata hivyo, basi akaongea lugha iliyomtoka bila kazi. Alimweleza kila kitu: mwanaume aliyemwacha, binti yake aliyebaki kwa bibi, kifua kilichokuwa kikimbana asubuhi. Ba naye alimweleza yake kwa Kigujarati. Na kila siku baada ya chakula cha mchana, Millicent aliegemeza simu kwenye mtungi wa sukari, akafungua sauti, akaosha vyombo huku akiongea na mama yake na bintiye. Ba aliketi pale pale kwenye kigoda akisikiliza. Miaka mitatu ya simu hizo. Ndiyo maana alijua kuuliza habari za ng'ombe.

Naye Ba aliamini hiyo ndiyo lugha ya nchi. Alidhani amejifunza Kiswahili. Alikuwa akimsalimu Muindi langoni kila asubuhi kwa adabu zote, akamwona kijana mzuri ila mwenye masikio mazito. Nilipomwambia Muindi kwamba nyanya anamsalimu kwa Kijaluo, alishika kofia yake.

"Kijaluo? Lakini mimi nimekaa na Wajaluo Dandora, madam. Kijaluo nakijua nikikisikia."

Alikijua, lakini hakutarajia kukisikia kinywani mwa bibi wa Kihindi mwenye sari, basi hakukisikia. Mimi mwenyewe, kama angenisalimu barabarani nikiwa na haraka, ningepita.

Kiingereza nilijaribu. Sitaki ionekane kwamba nilikula mshahara wa bure. Kila somo nilimfundisha dakika kumi au kumi na tano, akapata maneno kama ishirini. Hakukipenda. Aliniambia ni lugha isiyo na chakula ndani. Muda uliobaki tulichambua dengu na tukaongea, na lazima niseme ukweli, nilikuwa naingoja Jumanne. Nilikuwa nikipanda ngazi za jengo lile mbio kama msichana.

Lakini kila somo lilianza na swali lile lile: Millicent yuko wapi? Mwishoni mwa Februari nikaenda Ngara.

Navnit alikuwa nyuma ya kaunta, kati ya taa na mabunda ya nyaya, akimhudumia fundi. Aliponiona alishtuka.

"Mama ameanguka?"

"Hapana. Mama yuko sawa." Nikasubiri fundi aondoke. "Bwana Navnit, mama yako hana ugonjwa wa akili. Anaongea Kijaluo."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji daktari.

"Kijaluo? Mama yangu?"

"Anakijua vizuri. Alifundishwa na Millicent."

Akavuta katoni ya swichi, akaikalia. Mteja aliingia, akauliza bei ya balbu, akatoka bila kujibiwa.

"Mimi nimeuza hapa Ngara miaka ishirini na saba," alisema mwishowe. "Wajaluo wananunua kwangu kila siku. Nasikia wakiongea. Na mama yangu akiongea hiyo hiyo ndani ya nyumba, mimi nampeleka kwa daktari." Alifuta uso kwa kiganja. "Nimempa dawa, mwalimu. Kila usiku mimi mwenyewe. Nasimama hapo mpaka ameze."

Nilimwuliza Millicent alikwenda wapi. Hapo akainamisha kichwa.

Alisema Millicent alikuwa akikohoa. Kwanza wiki moja, kisha tatu. Aliogopa, mama ni mzee, mapafu yake si mazuri. Asubuhi moja ya Septemba akamwambia Millicent aende nyumbani kwao akatibiwe, akipona atamwita. Akampakilia vitu vyake kwenye teksi mwenyewe. Ba alikuwa bafuni.

"Hakumuaga?"

"Niliona watalia. Nilitaka iishe haraka."

"Ukamwambia mama nini?"

"Kwamba ameenda nyumbani, atarudi Desemba. Novemba nikapiga simu, imezimwa. Nikafikiria amepata kazi ingine." Akaniangalia. "Desemba yote mama alikuwa anakaa karibu na mlango. Mimi nikaona hiyo pia ni ugonjwa."

Tangu siku hiyo dawa zilikoma, na macho ya Ba yakafunguka. Lakini Millicent tulikuwa hatujampata. Ni Muindi aliyetusaidia. Alimkumbuka dada aliyemleta Millicent kutafuta kazi pale, binamu yake Millicent, aliyekuwa akifua nguo kwenye nyumba za upande wa pili wa barabara. Aliitwa Jacklyne. Nilimkuta Alhamisi moja nyuma ya jengo lao, akianika mashuka. Nilimsalimu kwa Kijaluo, nikamwambia namtafuta Millicent, kwamba kuna mama mmoja anamwulizia.

Hakuacha kuanika. Alibana kibanio cha mwisho, akakausha mikono kwa kanga.

"Tulimzika Novemba," alisema.

Akanieleza kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Ilikuwa kifua kikuu. Alifika nyumbani amechelewa, akaona aibu kwenda hospitali kwa sababu majirani wangesema ni ule ugonjwa mwingine. Alipokwenda, alikwenda amebebwa. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Jioni hiyo nilimsubiri Navnit nje ya lango lake. Nilipomwambia aliegemea gari, akakaa hivyo mpaka Muindi akasogea kuuliza kama kuna shida. Kisha akaniomba jambo.

"Mwambie wewe, mwalimu. Kwa ile lugha yao. Mimi siwezi."

Tulipanda pamoja. Ba alifurahi kuniona tena saa isiyo yangu, akaanza kutafuta vikombe. Nilimketisha. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kijaluo, kama tunavyoambiana, kwamba Millicent amefariki.

"Otho," nilisema.

Ba alinisubiri niendelee. Akatabasamu kidogo, akaniuliza hilo neno ni nini.

Hakulijua. Katika simu zote zile za mchana, ng'ombe walizaa, mvua ilinyesha, mtoto aliugua akapona, lakini hakuna siku Millicent alipolitamka neno la kifo mbele yake. Nilijaribu njia nyingine. Nikasema ameondoka. Ba akasema ndiyo, ameenda nyumbani. Nikasema hatarudi. Akauliza, hata Desemba? Nikasema Mungu amemchukua, naye akaitikia amina, maana Mungu alimjua kama mtu wa kuombwa chakula na afya, si mtu wa kuchukua watu. Kila neno nililoshika lilikuwa na uhai ndani yake. Nikamgeukia Navnit. Machozi yalikuwa yananitoka na Ba alikuwa akinifuta kwa ncha ya sari, akiniambia nisilie, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Basi ikabidi mwanawe aseme. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kigoda, akasema kwa Kigujarati, maneno machache tu. Sikuyaelewa, lakini niliona yakifika.

Ba hakupiga kelele. Alichukua sinia la dengu, akaanza kuchambua, akitoa vijiwe na kuviweka pembeni. Baada ya muda Navnit akasema kitu kingine, kirefu zaidi, na nikalisikia jina la Millicent na neno teksi. Ba akaacha kuchambua. Akamtazama mtoto wake. Kisha akageuza kigoda, akatupa mgongo, akatazama dirishani. Alikaa hivyo mpaka nilipoondoka, na Navnit aliniambia baadaye kwamba siku tisa hakusema naye neno, si la Kigujarati wala la Kijaluo.

Aliporudi kusema, alinitaka nimpigie mama yake Millicent.

Jacklyne alinipa nambari. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kanisa. Navnit alikuwa nyumbani, amekaa kwenye mkono wa kochi kama mgeni. Nilipiga, nikajitambulisha, nikamweleza mama wa Millicent kwamba nipo na yule mama ambaye binti yake alimfanyia kazi Nairobi, na kwamba anataka kumpa pole. Sikumwambia ataongea lugha gani. Nilidhani atakata simu.

Niliiweka simu mezani, nikafungua sauti. Ba akaisogelea kwa uso mpaka pumzi yake ikawa inatia ukungu kwenye kioo.

"An Ba," alisema. Mimi ni Ba. "Mos, min Millicent. Mos." Pole, mama yake Millicent. Pole.

Tukasikia kuku wa upande wa pili, na mlango wa mabati ukifungwa.

"Wewe ndiye Ba?" mama yule aliuliza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mwanamke mkubwa. "Alikuwa akikutaja. Mpaka siku za mwisho, Ba, Ba. Tukadhani ni homa. Tukadhani anaita baba yake."

Ba akaanza kuongea. Alisema Millicent alikuwa mtoto mzuri. Alisema alikuwa anapika vizuri, anacheka sana, anaimba akiosha vyombo. Alisema hakumwona akiondoka, alikuwa anaoga, na akalirudia hilo mara tatu, alikuwa anaoga, alikuwa anaoga. Akauliza mtoto anakula. Akauliza ng'ombe. Na sijui nitalielezaje hili: alivyokuwa akivuta maneno, alivyokatiza na kuguna katikati, hata kikohozi kidogo kabla ya kuuliza swali, havikuwa vyake. Vyote alivipata kwa mtu mmoja, maana kabla yangu hakuna mwingine aliyewahi kukaa naye jikoni akiiongea lugha hiyo.

Kisha, kule Kendu Bay, tukamsikia mama yule akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Njoo usikie. Njoo umsikie mama yako."

Mtoto akaja kwenye simu. Tulimsikia akipumua. Ba akamwambia alale salama, asome, asimsumbue bibi, mama atakuja Desemba. Halafu akanisukumia simu nikate.

Sikuweza kunyoosha mkono. Yeye alikuwa amesema tu kile ambacho siku zote kilisemwa mwisho wa simu. Alidhani hivyo ndivyo watu wanavyoagana.

Nilieleza, nikihangaika kwa aibu, nikamwomba mama yule msamaha. Alikuwa analia lakini aliniambia nisiombe msamaha. Aliniambia mwache apige tena.

Basi Jumapili zikawa za simu. Mimi sikuhitajika tena. Navnit alijifunza kupiga na kukaa pembeni, na siku moja alichukua simu mwenyewe, akamweleza mama yule kwa Kiswahili habari ya teksi na ile asubuhi. Sikuwepo. Aliniambia tu kwamba mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba amesikia. Hakusema amesamehe, na Navnit hakumwuliza. Walipanga kwamba mwaka utakapoisha atampeleka Ba Kendu Bay, aone kaburi, aone mtoto. Ba alishaanza kukusanya zawadi kwenye mfuko wa plastiki: sabuni, bangili, pakiti za bizari.

Oktoba akapata nimonia. Nilimwona hospitalini mara mbili. Mara ya kwanza aliniamuru nile chakula chake, kwa Kijaluo, na nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Mara ya pili alikuwa na kifaa cha hewa usoni na aliniangalia tu. Alifariki Alhamisi alfajiri, na saa nne, saa ya somo letu, Navnit alinipigia simu.

Walimchoma siku hiyo hiyo, alasiri, kule Kariokor, mahali Wahindi huchomea wafu wao. Sikuwahi kufika mahali kama pale. Wanawake walikuwa wamevaa nyeupe, mimi nilikuwa na gauni langu jeusi la mazishi, nikasimama nyuma karibu na ukuta, sijui mikono niiweke wapi. Navnit alinyolewa kichwa. Kabla hawajamwingiza tanuruni alinijia, akanishika kiwiko, akanipeleka mbele mpaka kwenye maua.

"Mwambie kitu," alisema. "Kwa ile lugha yao."

Nilimtazama Ba, uso mdogo ndani ya shuka. Nilikuwa nimefundisha watu kuongea nusu ya maisha yangu. Mwishowe nilisema mos, mara moja tu, na nikarudi ukutani.

Siku iliyofuata Navnit aliniomba nimjulishe mama wa Millicent. Nilipiga nikiwa darasani, kabla wanafunzi hawajaingia. Mama yule alilia kwa sauti kubwa, kilio cha kwetu, na nilimwacha alie. Kisha akapenga kamasi, akaanza kuuliza mambo ya maana. Aliugua siku ngapi. Nani alikuwa naye. Alikuwa na watoto wangapi. Amezikwa wapi, ili wakija Nairobi siku moja wajue.

Nilimweleza. Nilimweleza polepole, kwamba hao watu hawaziki, kwamba mwili huchomwa na majivu hupelekwa majini, na kwamba kwao hiyo ni heshima kubwa.

"Hakuna kaburi kabisa?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Hata mahali padogo?"

"Hapana."

Nikamsikia akihema, akiligeuza jambo hilo. Nje, kwenye korido, wanafunzi wangu walikuwa wamefika, wakisalimiana kwa kile Kiingereza chao cha kubabaika.

"Sasa, mwanangu," mama yule aliniuliza, "sisi tutamlilia wapi?"